Vichaka vya Reli ya Mezani

Haya yalimpata rafiki yangu Nabalayo, hapa Otonglo. Alikuwa akitengeneza vichaka vidogo vya kupamba reli ya treni ya kuchezea, akigandisha sponji ya kijani kwenye vijiti alivyookota katika boma la zamani lililoachwa.

"Mama Imani, hapo sisi hata kuni hatuokoti," jirani yake Akello alimwonya.

"Ni vijiti tu, dada."

Jioni stima ikapotea. Gizani, vile vichaka mezani vikaanza kuchakacha, kama vinapenywa na mtu asiye na haraka. Nabalayo akapapasa kitandani, akamkumbatia mtoto wake, akaomba asiguswe.

Taa ziliporudi, Imani alikuwa amelala. Alikuwa hajajua kutembea, lakini nyayo zake zilijaa vumbi na mipasuko, kama za mzee aliyetoka mbali bila viatu.