Mshipi wa Igoki

Firimbi ya asubuhi ilipolia, Igoki alikuwa tayari langoni, debe mgongoni na kamba yake imembana kipajini. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Watu wa upande wa Runyenjes walikuwa wametolewa mashambani mwao na serikali ya wakoloni wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Kutoka ni kwa firimbi, kurudi ni kwa firimbi. Ndani ya handaki mlisimikwa miti iliyochongwa ncha, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita chini ya mnara wa mahomugadi, askari wenyeji waliolinda vijiji kwa amri ya serikali.

Igoki aliteka maji mtoni, akampelekea mama yake, akachukua kiazi chake cha mchana kilichofungwa katika jani la mgomba, akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: lori.

Mwalimu Kithinji alikuwa ametangaza kwamba msichana mmoja atachaguliwa kukimbia katika mashindano ya shule kule Embu mjini. Huyo atapewa barua ya ruhusa na kupanda lori. Na lori lilipita kando ya kambi ambako wafungwa walivunja mawe barabarani. Baba yake Igoki alikuwa mmoja wao. Hakuwa amemwona kwa miaka miwili.

Taabu ilikuwa Marigu, mwanafunzi mwenzake. Hakuna msichana aliyewahi kumpita mbioni.

"Wewe kila siku unauona mgongo wangu tu," Marigu alimtania. "Mwishowe utaupenda."

Ndipo Igoki akamwendea Mzee Njuki, amfundishe kukimbia. Mzee huyu alikuwa amefundisha kwata jeshini, akarudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja mzito. Aliishi peke yake.

"Kufundisha ni kazi, mwanangu," Njuki alimwambia. "Pesa sikudai, najua hamna. Lakini mimi sina mke wala shamba. Niletee chakula kidogo kila siku, nami nitakufundisha. Ila mwulize mama yako kwanza."

"Nimeshamwuliza. Amekubali."

Hakuwa amemwuliza. Angemwulizaje? Mama alirudi kila jioni kutoka kazi ya lazima ya kuchimba barabara, mikono imechubuka, akagawa uji mwepesi kwa watoto wanne. Kwa hiyo kiazi cha mchana kikawa ndiyo malipo. Igoki alikitoa kizimakizima kwenye jani lake, naye Njuki akakila akimshukuru mama asiyejua lolote.

Walifanyia mazoezi kwenye mteremko wa mtoni, kati ya kutoka shule na firimbi za jioni. Njuki alimfundisha kupanda kwa hatua fupi, kulegeza mabega, na kutogeuka kumtazama anayemfuata. Kwa kuwa alidhani mtoto anashiba, kila siku aliongeza mzunguko. Njaa ilipozidi, Igoki alifanya alichowaona wanawake wakifanya mwaka wa ukame: alisokota mshipi wa maganda ya mgomba, akajifunga tumbo chini ya gauni, akakaza.

Jioni ya kumi na mbili, katikati ya mteremko, miti ilianza kuzunguka. Akaanguka.

Alipofumbua macho, Njuki alikuwa amepiga magoti, ameushika ule mshipi.

"Hiki ni nini?"

Igoki akavuta gauni aufunike.

"Nimewaona askari wakijifunga hivi msituni kule Burma," Njuki akasema polepole. "Kile kiazi kilikuwa cha nani?"

"Changu."

Firimbi ya kwanza ikalia. Ilikuwa ya kuita. Ya pili ilikuwa ya kuingia. Baada ya tatu, homugadi hakuuliza mtu jina, alifyatua risasi tu. Igoki akainuka akiyumba, akataka kukimbia.

Njuki akamkamata mkono. "Ukikimbia gizagiza hili watakupiga risasi. Tembea. Katikati ya njia, waone mikono yako."

"Tutachelewa, mzee."

"Tembea. Kushoto. Kulia."

Firimbi ya pili ikalia. Miguu ya Igoki ilitaka kuruka. Mzee alichechemea kando yake akihesabu kana kwamba wako kwenye gwaride.

"Nani hao?" sauti ikatoka mnarani. Ilikuwa ya Ndambiri, homugadi.

"Njuki na mtoto mgonjwa," mzee akajibu bila kupunguza wala kuongeza mwendo.

Kushoto. Kulia. Walipovuka lango, firimbi ya tatu ililia nyuma yao.

Njuki alimfikisha Igoki hadi kwa mama yake, akasimama mlangoni kofia mkononi. "Mama Igoki, nimekula chakula cha mwanao siku kumi na mbili. Sikujua, lakini nilikula."

Mama alimvuta binti yake karibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa. Nami nataka kumwona Baba."

Mama akageuka upande wa moto, akajipangusa uso. Kisha akasema, "Kiazi utakila hapahapa, nikikuona. Mzee, huwezi kulipwa kwa kitu kingine?"

"Kwenda mtoni kunaniua mguu," Njuki akasema. "Aniletee debe moja la maji. Mtoni anakwenda hata hivyo."

Wiki tatu baadaye, katika mbio za kumchagua wa kwenda Embu, mbele ya Mwalimu Kithinji, Marigu aliongoza mpaka kona ya mwisho. Hapo Igoki akampita, na hakugeuka.

"Basi mgongo nimeuona mimi leo," Marigu akasema akihema. "Msalimie baba yako."

Siku ya safari, Igoki alirudi jioni na vumbi usoni. Mama na Njuki walikuwa wakimngoja.

"Ulimwona?" mama akauliza.

"Nilimwona. Amekonda. Alipiga kelele neno moja tu, 'Mnakula?'"

"Ukamjibu nini?"

"Tunakula, Baba."

"Na ilikuwa kweli?" Njuki akauliza.

"Kweli."

Njuki akaitikia kwa kichwa. "Wakati ule wa mshipi ungemdanganya. Sikiliza, mwanangu. Asiye na pesa naye aweza kujenga mwili, ila asiujenge kwa kuunyima chakula. Na ukikosa cha kulipia, sema. Mimi ningekuambia ulete maji tangu siku ya kwanza."

Mama akampa kiazi. Igoki akakaa, akakila chote.