Sehemu ya Tano, Dakika ya Ishirini na Mbili

"Kumbe muuaji ni mpishi!"

Foleni nzima ya ofisi ya vitambulisho iligeuka. Msusi akaifunika simu kifuani, akageuka naye, tayari kumpa mtu vidonge vyake. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa kwa pasi, miwani myembamba puani, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Nani kakwambia uchungulie simu ya mtu?"

"Nimesimama mgongoni kwako kwa saa mbili, dada yangu, ningetazama wapi? Mimi niko sehemu ya tatu. Wiki nzima namshuku yule shemeji!"

"Shemeji gani? Yule hana akili ya kuua hata mbu."

"Sasa wewe mbona umeanza na sehemu ya mwisho?"

"Ndiyo ninayoanza nayo siku zote."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, labda atamwona mtu mwingine. Hadi wanafika dirishani alikuwa ameelezwa yote. Saluni ya Msusi ina televisheni, na mteja wa rasta ndogo hukaa kitini saa saba. Humfungi binadamu saa saba kwa tamthilia itakayoharibika mwishoni, kwa hiyo mwisho hukaguliwa kwanza. Mabutu hutosha sehemu moja. Rasta ndogo humaliza msimu mzima. Za upelelezi huwawekea wenye nywele ngumu, maana mtu akishikwa na hofu hasikii anavyovutwa. Za mapenzi hapana. Wateja hulia, na kichwa kikitikisika mistari inapinda.

"Mimi siruki hata wimbo wa mwanzo," kijana alisema. Alikuwa fundi wa miwani. "Wimbo unauandaa moyo."

"Wimbo unamaliza bando."

"Basi nipe namba yako. Umeniharibia tamthilia, nakudai fidia."

Akampa, huku akijiambia kwamba ni kwa ajili ya fidia tu.

Ikawa simu kila jioni akifunga saluni. Fundi alikuwa na maoni kuhusu kila kitu: mpelelezi asiyepokea simu ya mama yake hafai kuaminiwa, tamthilia ya familia isiyo na mtu anayefua nguo ni ya uongo. Msusi alibisha makusudi ili Fundi asikate simu. Mwezi wa pili Fundi akaanza kumwita mpenzi, naye hakumkataza.

"Mpenzi, kubali tu ile ya mawakili ni nzuri."

"Wigi la hakimu limeshonwa upande. Siwezi kuamini hukumu yake."

Siku moja Fundi alimuuliza sababu yenyewe hasa, siyo ile ya wateja. Msusi akamwambia. Miaka mitatu nyuma alisimama na shela ukumbini, wageni wameshakaa, na bwana harusi hakutokea wala hakupiga simu. Tangu siku hiyo hakutaka tena kushtukizwa na chochote, hata na watu wa kwenye televisheni.

Fundi hakumpa pole za haraka haraka. Alimwomba kitu kimoja: watazame tamthilia moja pamoja, kila mtu kwake, simu sikioni, sehemu moja kila Jumamosi alasiri, na asitangulie mtu. Akampa akaunti yake na neno la siri.

"Wewe usirukie mwisho. Na mimi sirukii. Ahadi?"

"Ahadi," Msusi alisema.

Alijikaza. Jumamosi nne vidole vilimuwasha, na Jumamosi zote nne hakugusa. Wateja walimcheka: leo msusi wetu hajui nani kaua!

Alhamisi iliyofuata aliifungua akaunti ile asubuhi, atafute kitu cha mteja wa mabutu. Chini ya kila sehemu kulikuwa na ule mstari mwekundu wa kuonyesha umefika wapi. Wao walikuwa wamefika sehemu ya nne. Mstari ulikuwa umejaa hadi ya nane, ya mwisho.

Aliketi kwenye kiti cha wateja. Moyo ulimuuma kwelikweli, na hakujidanganya kwamba ni kwa ajili ya tamthilia. Mtu aliyemwachisha kinga yake pekee ndiye aliyevunja ahadi, tena kimyakimya, huku jana yake akimwambia, "Jumamosi naingoja kama mtoto."

Jioni Fundi alipiga mara sita. Ya saba akapokea.

"Umetazama mpaka mwisho au hukutazama?"

"Nimetazama. Lakini nisikilize..."

Akakata. Ijumaa kutwa alisuka kwa hasira mpaka mteja akaomba huruma. Kisha alipiga moyo konde. Mara ile ya harusi hakumfuata bwana harusi kumuuliza kwa nini, na swali lile lilikuwa limemkaa rohoni miaka mitatu. Safari hii angeuliza, hata jibu likiwa baya. Asubuhi alivaa gauni la manjano, lile la siku za kutotishika, akaenda dukani kwa Fundi.

Alimkuta akisaga kioo. Mashine ikazimwa.

"Kwa nini?"

Fundi hakujitetea. Alifungua droo, akatoa kadi ya kupimia macho. Nyuma ya kadi kulikuwa na mwandiko wake mdogo, na Msusi akaisoma akiwa bado amesimama:

*Sehemu ya tano, dakika ya 22 hadi 29. Harusi, bwana harusi haji. Nimwombe akachemshe chai.*

*Sehemu ya saba, dakika ya 10. Bibi harusi anaikumbuka tena. Nimpigie hadithi.*

"Mteja mmoja alinidokeza kuna harusi ya namna hiyo," Fundi alisema. "Sikujua ni wapi, wala kama inarudi. Ikabidi nitazame yote. Mstari nao, sikujua kama unauona kwako."

"Wewe usiyeruka hata wimbo."

"Nimeijua yote sasa. Haina ladha tena." Akacheka kidogo. "Sijutii. Ila nilipaswa kukwambia. Hilo ni kosa langu."

Msusi aliigeuza kadi mara mbili. Akavuta stuli.

"Weka sehemu ya tano."

"Mpenzi, si lazima..."

"Chai nitakunywa baadaye. Weka."

Wakaitazama kwenye simu, bega kwa bega, duka wazi, magari yakipita nje. Wimbo wa mwanzo ulipoanza kidole chake kilinyanyuka kwa mazoea, akakirudisha mapajani. Dakika ya ishirini na mbili ilifika. Bibi harusi akangoja, akaanguka sakafuni akipiga mayowe. Msusi hakufumba macho.

"Anaigiza vibaya," alisema mwishowe, machozi yakimshuka. "Haiwi hivyo."

"Inakuwaje?"

"Nilivua viatu, nikazunguka meza moja moja, nikiwaambia wageni: kuleni, chakula kisipoe."

Fundi aliisimamisha picha. "Nioe mimi... yaani, nikuoe." Ulimi ulimteleza, akaona haya, akaendelea hivyo hivyo. "Nitafika kabla ya wapambaji. Utanikuta mlangoni napanga viti. Ukitaka kujua mwisho wetu utakuwaje, huo sina wa kukuonyesha."

Msusi alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia miwani.

"Sijakuuliza mwisho," alisema. "Nimekuuliza siku. Lini?"

"Hujaniuliza siku."

"Basi nakuuliza sasa."