Roketi ya Shangazi Zamda

Haya, sogeeni karibu. Na wewe unayemfinya mwenzio, acha. Wote mnanisikia? Basi naanza.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Siwema. Alikuwa na miaka sita.

Siwema aliishi Kondoa na Shangazi Zamda, dada wa baba yake. Shangazi alikuwa fundi wa kushona nguo. Kutwa nzima cherehani yake ililia: kere-kere-kere!

Siku moja Shangazi alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Kwaruuu! Akatoa kitu kirefu, chembamba, kimejaa vumbi.

"Nini hiki, Shangazi?" Siwema akauliza.

"Roketi," akasema Shangazi. "Niliitengeneza mwenyewe, nilipokuwa shule."

Ilikuwa roketi ndogo, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mwili wake ulikuwa wa karatasi ngumu. Pua yake ilikuwa ya mbao. Na kule chini ilikuwa na mabawa matatu.

"Inaruka kweli?"

"Inaruka! Tena inapita juu ya miti yote."

Halafu Shangazi akaipangusa vumbi roketi.

"Lakini siku iliporushwa pale shuleni, sikuirusha mimi," akasema. "Kitufe walibonyeza wakubwa. Mimi niliambiwa nikashike kamba, watu wasisogee. Nikageuka kuangalia, roketi imeshashuka. Sikuiona hata kidogo."

"Roketi yako mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe. Miaka thelathini natamani. Mara moja tu, nibonyeze mimi, niione inapaa."

Shangazi akafungua kopo la zamani la maziwa. Ndani mlikuwa na vibomba viwili vya karatasi, vimejaa baruti.

"Hizi ndizo injini zake," akasema. "Kila moja inawaka mara moja, basi. Na hapa kwetu haziuzwi. Hii moja yangu. Hii nyingine yako. Jumamosi tunakwenda uwanjani!"

Siwema akaruka, akaruka, mpaka kuku wakakimbia.

Kazi ikaanza. Mende walikuwa wameutafuna mwavuli wa roketi, ule unaoishusha polepole isivunjike. Shangazi akashona mwingine, wa kitambaa laini chekundu. Kere-kere-kere!

Siwema akaipiga pua msasa. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakaipaka rangi. Wakaiweka juu ya kabati ikauke.

"Usiiguse, mama," Shangazi akasema. "Sawa?"

"Sawa, Shangazi."

Mh! Sawa hiyo haikufika hata jioni.

Shangazi alikwenda dukani kununua uzi. Siwema akapanda juu ya kigoda. Akaishika roketi, kidogo tu. Akairusha kwa mkono, kidogo tu. "Fyuu! Fyuu!" Akazunguka nayo meza, kidogo tu.

TAK!

Bawa moja likaanguka chini.

Siwema akaliangalia bawa. Akaangalia mlangoni.

Mnajua alifanya nini? Siwema alikuwa fundi wa tiara, zile za karatasi zinazoruka kwa uzi. Na tiara ikichanika, watoto wa pale huibandika kwa uji mzito. Uji ukikauka, karatasi haibanduki ng'o!

Jikoni kulikuwa na uji wa asubuhi. Siwema akachota kwa kidole. Akapaka bawa, akalibandika, akalipuliza. Fuu, fuu, fuu. Bawa likashika.

Akairudisha roketi juu ya kabati. Ukiitazama kwa mbali, ungesema haijavunjika.

Shangazi akarudi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Habari za hapa?"

Siwema akafungua mdomo.
Siwema akafunga mdomo.

"Nzuri," akasema.

Jamani! Hazikuwa nzuri hata kidogo.

Wakati wa chakula, Siwema aliuacha ugali wake sahanini. Na ugali wenyewe ulikuwa na maharage ya nazi, anayoyapenda kuliko yote.

Asubuhi yake, sisimizi walipanga mstari. Walipita sakafuni, wakapanda kabati, wakaingia kwenye roketi. Teke-teke-teke, miguu midogo midogo.

"He! Hawa sisimizi wanatafuta nini kwenye roketi yangu?" Shangazi akauliza.

Siwema akafungua mdomo.
Siwema akafunga mdomo.

Shangazi akawapangusa kwa kanga. Akarudi kwenye cherehani yake, anaimba. Siwema alitamani asiimbe.

Jumamosi ikafika. Shangazi alivaa gauni lake la Idi. Akavaa na viatu vyake vipya. Kwa ajili ya roketi, hebu fikiria!

Uwanjani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi wanne tu, kwa mbali, wanakula nyasi.

Shangazi akachomeka fimbo ya chuma ardhini. Akaisimamisha roketi kwenye fimbo. Akavuta waya mrefu, mrefu, mpaka kwenye kisanduku chenye betri na kitufe.

"Tusimame huku mbali," akasema. "Moto si wa kuchezea."

Upepo ukapita. Bawa likatikisika. Tiki-tiki-tiki.

Siwema aliliona. Shangazi hakuliona. Shangazi alikuwa anakiangalia kitufe, na kidole chake kilikuwa tayari juu yake.

"Tano!" akasema Shangazi.

Siwema akafungua mdomo.
Siwema akafunga mdomo.

"Nne! Tatu!"

Siwema akafungua mdomo.
Siwema akafunga mdomo.

"Mbili! Moja!"

"Shangazi..." Siwema akaita. Lakini sauti ilikuwa ndogo. Na alikuwa ameshachelewa.

FYUUUU!

Roketi ikapaa. Bawa likachomoka. Roketi ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikapinduka, ikarudi chini kichwakichwa.

PWAA!

Mbuzi wote wanne wakainua vichwa.

Shangazi akatembea mpaka pale. Akaiokota roketi. Akaliokota bawa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Akakaa chini kwenye vumbi, na gauni lake la Idi.

"Nimekosea wapi?" akasema polepole. "Labda sikuwahi kujua kutengeneza roketi. Labda ndiyo maana walinipa kamba."

Siwema akasikia maneno yale.

Siwema akafungua mdomo.
Safari hii hakuufunga.

"Ni mimi, Shangazi! Hujakosea wewe! Niliishika, nikaivunja, nikabandika bawa kwa uji!"

"Kwa nini?"

"Kwa uji. Wa asubuhi."

Shangazi akalinusa lile bawa.

"Kumbe ndiyo maana sisimizi," akasema. Lakini hakucheka.

"Nisamehe, Shangazi."

"Ungeniambia, Siwema. Ningegomba, ndiyo, ningegomba sana. Halafu tungelibandika. Hata pale kwenye tano, ungeniambia, ningesimama."

Siwema akalia. Machozi yalimwagika mpaka kwenye magoti. Lakini injini ilikuwa imeshaungua. Machozi hayakuirudisha.

Walirudi nyumbani. Njia ile ilikuwa ndefu siku hiyo, mwe!

Siku ya kwanza Shangazi alisema maneno machache. "Kula." "Koga." "Lala." Siku ya pili hivyo hivyo.

Siku ya tatu akaita, "Siwema! Lete msasa."

Siwema akakimbia. Hajawahi kukimbia hivyo.

Mwili wa roketi ulikuwa umekunjika. Wakaukata palipokunjika, wakaunga karatasi mpya. Pua ilikuwa imechubuka. Siwema akaipiga msasa tena. Kwaru, kwaru, kwaru.

Halafu bawa. Shangazi akapaka gundi ya mbao, ile ya mafundi wa vitanda.

"Hii inataka kushikwa mpaka ikamate," akasema. "Hesabu mpaka mia. Mkono usitikisike."

"Nishike mimi?"

"Wewe."

Siwema akashika. Moja, mbili, tatu, nne. Inzi akaja, akatua puani. Siwema hakumfukuza. Arobaini. Hamsini. Vidole vikaanza kufa ganzi.

"Umechoka?" Shangazi akauliza.

"Nimechoka. Lakini sijaachia."

"Haya. Endelea."

Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia! Shangazi akalivuta bawa kidogo. Halikutikisika.

"Limeshika," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamgusa Siwema kichwani.

Jumamosi nyingine ikafika. Shangazi alivaa gauni la kawaida, la kazini. Siwema aliliona hilo, na likamuuma.

Uwanjani, Shangazi akasimamisha roketi. Akavuta waya. Kisha akampa Siwema kile kisanduku.

"Haya, mama. Injini iliyobaki ni yako. Nilikuahidi. Yangu mimi imeshaungua."

Siwema akakitazama kitufe. Kilikuwa cheusi, cha mviringo, kinang'aa. Alitaka kukibonyeza! Alitaka jamani, mpaka kidole kikamwasha.

Siwema akafungua mdomo.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Iliyoungua ilikuwa yangu. Hii ni yako."

"Nyingine hakuna, Siwema. Ikiisha hii, basi."

"Najua."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa na hakika sana. Lakini alisema hivyo hivyo, na akakisukuma kisanduku mkononi mwa Shangazi haraka, kabla hajabadilisha mawazo.

"Basi hesabu wewe," akasema Shangazi.

Siwema akaangalia kwanza. Upepo ulikuwa unapita. Mabawa yote matatu yalikuwa yametulia.

"Tano!
Nne!
Tatu!
Mbili!
Moja!"

Shangazi akabonyeza.

FYUUUUUUUU!

Roketi ikapaa, imenyooka! Ikapita mwembe. Ikapita mnara wa simu. Ikawa ndogo kama kijiti. Ikawa ndogo kama nukta.

Pa! Mwavuli mwekundu ukafunguka.

"Nimeiona!" Shangazi akapiga kelele. "Nimeiona, mwanangu! Nimeiona inapaa!"

Akakimbia kuifuata. Kiatu kimoja kikatoka. Hakujali. Akakimbia na kiatu kimoja, mikono juu, anacheka na kulia pamoja, mtu mzima kabisa! Mbuzi wakatawanyika, mee, mee, mee!

Roketi ikashuka polepole, polepole. Shangazi akaidaka kwa mikono miwili. Haikuvunjika mahali popote.

Siwema akapiga makofi. Alifurahi. Na alisikitika. Vyote viwili, wakati mmoja. Mtu anaweza, nanyi mnajua.

Jioni ile, Siwema alilala kitandani, ametazama ukuta. Shangazi akaja kumfunika shuka.

"Ulitamani kubonyeza?" akamuuliza.

"Nilitamani sana," akasema Siwema. Akaanza kulia.

Shangazi hakusema nyamaza. Hakusema tutapata injini nyingine, maana hawakuwa nayo. Alijilaza pale pembeni yake, akagawana naye mto.

"Asante, mama," akasema. "Leo umenipa kitu kikubwa."

Siwema akapangusa pua kwa shuka. Chini ya dirisha, nyenje walikuwa wanalia: nyiii, nyiii.

"Shangazi."

"Naam."

"Bado una hasira na mimi?"

Shangazi akafikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Imebaki punje moja," akasema. "Kama punje ya mtama."

"Na kesho?"

"Kesho asubuhi tutampa kuku, ataila."

Siwema akacheka huku machozi bado mashavuni. Akajisogeza, akaweka mguu wake juu ya mguu wa Shangazi. Akalala.