Aliyemwita Ruwaida

Masika yalipoanza huko Mishomoroni, Ruwaida alikuwa katika arobaini yake. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Hadeel. Mamamkwe wake, Bi Raihana, alimtunza vyema. Alimkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, na kila alasiri akamwekea jiko la makaa karibu na kitanda. Kwa kuogopa upepo, alifunga madirisha na kuziba nyufa za mlango kwa vitambaa.

Alasiri moja Ruwaida alisikia jina lake. Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

"Abee," akaitika.

Hakujibiwa. Bi Raihana alikuwa uani akipepeta mchele, na hakuwa ameita mtu.

Kesho yake sauti ilirudi. Pazia lilikuwa likivimba na kunywea, kana kwamba linapumua, na dirisha limefungwa. Kichwa kilimgonga. Alitaka kumnyanyua mtoto, mikono ikakataa. Hadeel naye alilala tu, hata titi hakulitaka.

Bi Raihana alipoketi mle ndani, naye alishikwa na kizunguzungu. Akasema chumba kimeingiliwa. Alisoma dua, akafukiza ubani, akaongeza makaa, akaziba hata tundu la juu ya mlango. Kadiri alivyoziba, ndivyo sauti ilivyosogea, hata ikawa sikioni kabisa.

Hadi, mumewe Ruwaida, alitaka waende hospitali. Mamake akamwambia haya si ya daktari. Hadi hakubishana naye. Alitoka akaenda kumwita jirani yao Judy Nyale, muuguzi wa kliniki ya kina mama.

Judy alibisha hodi, pakawa kimya. Alipoingia, Bi Raihana alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, hasemi. Ruwaida alimwona Judy kama aliyezama majini, akadhani ndiye mwenye ile sauti. Akamtabasamia. Judy alihisi kichwa kikimbana. Hakuuliza kitu. Alimkwapua mtoto, akamkabidhi Hadi nje, akarudi akafungua madirisha. Kisha akawakokota wanawake hadi uani, mmoja baada ya mwingine.

Hospitalini waliwekewa hewa ya oksijeni. Hadeel alikawia kuzinduka. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Ruwaida hakutaka kuitazama. Mwishowe alilia, akatafuta titi.

Bi Raihana alipopata nguvu alimuuliza Judy, "Ni nani aliyekuwa mle ndani?"

"Ni makaa, mama. Yakiwaka pasipo hewa hutoa sumu. Haina rangi wala harufu. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, mtu akasikia na kuona yasiyokuwapo. Mwisho hulala asiamke. Mtoto mchanga hushindwa mapema."

"Wallahi, hata mimi nilimzaa Hadi kando ya jiko."

"Katika nyumba gani, mama?"

"Ya udongo na makuti."

"Makuti hupitisha hewa. Hii yenu ni ya mawe, na mmeziba kila tundu."

Judy akamweleza kwamba dua asiache. Ila jiko likae uani, na dirisha liwe wazi hata mvua ikinyesha. Mzazi apate joto kwa shuka, uji na maji ya moto. Na wote wakiumwa kichwa katika chumba kimoja, watoke nje kwanza, kisha waende hospitali.

Ruwaida alimaliza arobaini akiwa mzima. Hadeel alinenepa, akawa mlizi asiyewapa majirani usingizi.

Kabla masika hayajakwisha, Bi Raihana alikwenda kumtazama Ummi, jirani aliyejifungua mtoto wa kiume. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani mlikuwa na joto, na Ummi alikuwa akiongea peke yake, taratibu, akiutazama ukuta.

Bi Raihana hakumuuliza anaongea na nani. Alimchukua mtoto, akamshika Ummi mkono.

"Twende nje, mwanangu," alimwambia. "Salamu tutapeana huko."