Mwizi wa Matawi ya Chini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rozi alipita katika shamba lao la kahawa pale Iyula, ndoo mkononi, akielekea mtoni. Msimu ule wa mavuno alipunguza mwendo kila alipofika bondeni. Kahawa iliyokuwa imeiva jana haikuwapo tena. Ajabu ni kwamba matawi ya juu yalibaki na matunda yake mekundu. Ya chini ndiyo yaliyokuwa matupu.

"Mwizi huyu ni mfupi," Rozi alijiambia. "Ni mtoto."

Na mtoto mgeni alikuwa mmoja tu. Shani, aliyesoma naye darasa la sita, alihamia kutoka Momba na baba yake, Makene. Baba Rozi, mzee Hezron, aliwapa kibanda kule bondeni ili Makene amsaidie kuvuna. Shani akicheka, Rozi aliona anaficha jambo. Akinyamaza, aliona anapanga jambo. Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake ni ushahidi.

Jumamosi Rozi alinyemelea nyuma ya kibanda kile. Chini ya kichaka alikuta rundo la punje za kahawa, zimekauka, nyingine zimeshikana madonge, hazina maganda yake mekundu. Moyo ulimruka kwa furaha. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akazizoa zote kwa mikono na kukimbia nyumbani.

Hezron na Makene walikuwa wakinywa chai, Shani yuko pembeni. Rozi alifungua kitambaa mezani, karibu na sahani ya viazi.

"Baba, kahawa yetu hii hapa. Imefichwa nyuma ya kibanda cha kina Shani."

Uso wa Hezron ulibadilika. Shani akaanza kulia. Makene alisimama taratibu.

"Baba Rozi, mimi ni mgeni, lakini si mwizi. Kama ndivyo mnavyotuona, kesho tutafungasha tuondoke."

Mama Rozi, aliyekuwa akiwamiminia chai, alikivuta kitambaa, akainusa ile kahawa, akarudisha pua nyuma haraka. Alivunja donge moja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na mabawa ya panzi na manyoya ya ndege.

"Mwizi gani huyu anayemeza panzi?" aliuliza. "Haya ni mavi ya fungo, yule mnyama wa porini anayefanana na paka mkubwa. Usiku hula kahawa iliyoiva, ile anayoifikia, na punje humpita tumboni nzima nzima. Naye ana choo chake, hurudi palepale kila mara."

Rozi aliitazama mikono yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Na mimi nina kosa," Hezron alisema. "Mwaka jana nilikata mikuyu yote ya bondeni ili niongeze kahawa. Makuyu ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Ndugu yangu Makene, nakuomba usiondoke. Tuchume matawi ya chini kila yanapoiva, na tupande mikuyu mingine kando ya mto."

Makene aliketi tena.

"Shani, nisamehe," Rozi alisema. "Nilikuita mwizi na sikukuona ukiiba."

Shani alifuta machozi. "Ulinishuku tangu siku ya kwanza. Nilijua. Nimekusamehe, lakini imeniuma."

Mama alimshika Rozi bega. "Mwanangu, bidii ya kutafuta ulikuwa nayo. Ila mwizi ulishamchagua kabla hujaanza. Siku nyingine njoo uulize kwanza. Kahawa ikiliwa, mwakani mti utazaa tena. Jina la mtu ukilichafua, hata ukiomba radhi, wapo watakaokumbuka tu kwamba aliitwa mwizi."