Aliyepiga Nduru Jukwaani

Nyawira ni dada yangu mdogo, tumbo moja, kwa hivyo asije mtu kuniambia hii ni stori ya mtandaoni. Nilikuwa pale.

Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri. Tamasha la roki lilikuwa uwanjani huku Giakanja, kando ya mashamba ya majani chai, na vijana walikuwa wamekuja kutoka mbali kama Wang'uru. Nyawira alikuwa apande jukwaani bila gitaa, bila ngoma. Sauti tu. Na sauti yenyewe, ati nduru!

Mama alimkataza tukinywa chai ya asubuhi.

"Nduru si muziki, Nyawira. Watu wakiisikia wanakuja na mapanga. Na wakifika, lazima uwaonyeshe adui. Ukiwaita bure, wanakukata wewe."

"Hiyo ni mambo ya zamani, mum."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mchana alipanda, akafunga macho, akapiga nduru ndefu ya mtu anayechinjwa. Nusu ya watu walishangilia. Nusu nyingine walianza matusi: "Shuka! Huo ni wazimu!" Wakashikana mashati. Kijana mmoja mpiga ngoma, Griffins, alirusha chupa ikampasua Nyawira paji la uso. Damu ikamwingia machoni, na bado hakunyamaza. Huku chini watu sasa walikuwa wanapigana kwelikweli, meno yanaanguka kwa nyasi.

Ukungu ukashuka. Watu wakatokea kwenye majani chai, wazee kwa akina mama, kila mmoja na panga, udongo mbichi hadi kwa nywele. Mmoja nilimtambua. Alikuwa Ngatia, jirani yetu. Tulimzika mwaka jana.

Vijana walidhani ni sehemu ya shoo. Wengine walipiga makofi.

Wale watu wakapanda jukwaani. Nyawira akanyamaza.

"Ni nani?" Ngatia alinong'ona. Maikrofoni ikaidaka sauti yake, tukasikia sote.

"Ni... ni maonyesho tu, mzee."

"Umetuita. Ni nani?"

Mapanga yakainuka juu ya kichwa cha Nyawira. Nilimwita. Nilikimbia, watu wakanisukuma chini. Nikainuka. Dada yangu akanyoosha mkono. Akamwonyesha Griffins.

Walimkata mbele yetu. Shingo. Mkono. Mgongo. Hakupata hata nafasi ya kulia. Jameni, alikuwa mjinga, lakini mjinga hauawi! Ukungu ulipoinuka wale watu hawakuwepo, na sisi tulikuwa tunakanyagana getini.

Polisi walihoji kila mtu mpaka wakachoka. Nyawira hajaongea tena tangu siku hiyo. Na kile kidole alichoonyesha nacho hakikunjiki. Madaktari wamekivuta, wamekidunga sindano, wapi! Analala nacho kikiwa kimenyooka.

Wiki iliyopita kilimwelekea mbwa wetu siku nzima. Kesho yake tulimwokota kwenye majani chai, vipande vipande.

Jana nilikuwa namlisha uji kilipoanza kusogea. Nikahamia upande wa dirisha. Kikanifuata. Nikasimama nyuma yake, mkono wote ukajipinda kunitafuta. Machozi yalikuwa yanamtoka, maskini, amekishika kidole kwa mkono wake mwingine, anakivuta chini kwa nguvu zake zote.

Hakishuki.