Seva Iliyosema Nipo

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, nyumba ilikuwa shwari. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, birika linatoa mvuke, watoto wawili wanagombea soksi chumbani, na baba yao amesimama kando ya friji, kikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alikuwa anampigia mama yake, kama alivyofanya kila siku saa moja na nusu kamili. Hilo tumpe haki yake: hakuruka hata siku moja.

"Shikamoo mama. Hujambo?"

Upande wa pili kiti kililia kidogo, kama cha mtu anayetafuta namna ya kukaa. "Marahaba, mwanangu. Sijambo."

"Haya mama, baadaye."

Simu ikakatwa. Mazungumzo yote hayakufika nusu dakika. Mkewe, mwalimu wa sekondari, alikuwa anafunga mkoba wake. Akamtazama kwa lile jicho ambalo wanafunzi wake wanalijua vizuri.

"Umemuuliza kama miguu bado imevimba?"

"Amesema hajambo."

"Mama yako hata akiwa anazama, atatoa kichwa majini aseme hajambo. Miezi minne sasa wamehamia nyumba mpya, yeye na mdogo wako. Mimi nimeshaenda mara mbili na watoto. Wewe hata mlango wake huujui."

"Nitaenda Jumapili."

"Jumapili ipi? Maana zimepita nyingi."

Akacheka, akachukua funguo, akatoka. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa. Sitaki msomaji adhani namsema mlevi au mtu wa kumpiga mkewe. Namsema mtu wa kawaida, mchapakazi, anayewahi kazini na kusalimia kila mtu njiani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akishaambiwa mambo ni sawa, haulizi swali la pili.

Kazini walimwita Bwana Kijani. Alikuwa fundi wa mitambo katika kituo kinachotuma magari ya wagonjwa mji mzima, na ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta chenye taa mbili, moja kwa kila mtambo: kijani mtambo ukiwa hai, nyekundu ukifa. Miezi na miezi taa zake zilikuwa kijani, naye akatembea kifua mbele.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo mkasa ulipojificha. Mtu akihitaji gari, alifungua ukurasa wa kituo kwenye simu yake, akaandika mgonjwa yuko wapi na anaumwa nini, akatuma. Nyuma ya ukurasa huo kulikuwa na kompyuta kubwa mbili, yaani seva: moja katika chumba cha chini pale kituoni, nyingine katika jengo la upande wa pili wa mji. Zilikuwa mbili ili zigawane kazi, na moja ikianguka nyingine ibebe. Anayezigawia watu ni lile daftari la anwani la intaneti ambalo mafundi huliita DNS. Simu yako inaliuliza daftari, "Kituo kiko wapi?" nalo humpa huyu anwani ya seva ya kwanza, yule anwani ya seva ya pili, kwa zamu. Pembeni kuna mlinzi, programu ndogo inayozijulia hali seva zote mbili kila nusu dakika. Isiyoitikia, anwani yake inafutwa daftarini hadi ipone. Mpango huo Bwana Kijani aliusuka mwenyewe, na ulikuwa mpango mzuri.

Ila mlinzi lazima aambiwe aulize nini. Mwanzoni aliagizwa aulize swali la kazi: "Pokea ombi hili la majaribio, liandike, kisha unisomee." Seva inayoweza hilo ni nzima kweli. Lakini wiki ya kwanza taa iliwaka nyekundu mara tatu, mkuu wa kituo akaja juu, akataka kujua nyekundu hizo ni za nini mbele ya wageni. Badala ya kutafuta kinachoisumbua seva, Bwana Kijani akambadilishia mlinzi swali. Tangu siku hiyo mlinzi akawa anauliza neno moja tu: "Upo?" Na seva inajibu: "Nipo." Kijani tele. Jamani, mtu alizifundisha mashine kusalimiana kama yeye na mama yake.

Kuna mmoja aliyeshtuka mapema. Alikuwa mama mtu mzima aliyepokea simu za dharura pale kituoni kwa miaka ishirini, wote wakimwita Bi Simu. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, aliingia ofisini kwa Bwana Kijani na karatasi mkononi.

"Mwanangu, watu watatu leo wamepiga wanalalamika. Wanasema wameomba gari kwenye ukurasa, wanaambiwa wasubiri, wasubiri, hakuna kitu."

Bwana Kijani akaelekeza kidole ukutani. "Bi Simu, unaona rangi gani pale?"

"Naona kijani. Mimi nakwambia ninachokisikia."

"Basi ni simu zao hizo. Wengine mtandao umewaishia."

Bi Simu akaikunja karatasi yake taratibu. "Wewe na taa zako," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Sasa ile siku yenyewe. Saa nane na nusu mchana, Bwana Kijani alikuwa mbele ya kioo chake na wageni sita kutoka miji mingine, waliokuja kujifunza namna kituo kinavyofanya kazi. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yao, mikono nyuma, anatabasamu. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Bwana Kijani. Akachungulia: mdogo wake. Akairudisha mfukoni. Ikatetemeka tena. Akairudisha. Mara ya tatu hakuchungulia kabisa.

"Seva ya kwanza ikipata shida," alikuwa anawaambia wageni, "mlinzi anajua ndani ya nusu dakika, na watu wote wanahamishiwa ya pili bila wao kujua."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Bi Simu alikuwa amesimama pale na vifaa vyake vya masikioni vikiwa shingoni. Kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwona ameacha kiti chake zamu ikiwa haijaisha.

"Mdogo wako amepiga kwangu. Mama yenu ameanguka, hawezi kupumua. Ameomba gari kwenye ukurasa mara nne, hajajibiwa. Kabla hajanitajia nyumba, simu yake imeisha chaji. Amewahi kusema tu, 'Kaka anapajua.' Gari ninalo, dereva yuko kwenye usukani. Nitajie nyumba."

Bwana Kijani akachomoa simu yake mfukoni.

"Nyumba, mwanangu!"

"Walihama," akasema.

"Walihamia wapi?"

Ndugu zangu, mtu aliyekuwa anagawa anwani kwa mji mzima hakuijua anwani ya mama yake mzazi. Aliona aibu iliyomchoma hadi miguuni. Akampigia mkewe; simu haipatikani. Akakumbuka kwamba leo anasimamia mtihani, na simu za walimu zote huzimwa na kuwekwa ofisini. Akampigia mdogo wake, imezimwa. Ukutani taa zilikuwa kijani, zote mbili.

"Amesema alituma mara nne?" akauliza.

"Mara nne."

"Basi anwani iko ndani ya seva."

Alishuka ngazi mbili mbili hadi chumba cha chini, mkuu akimfuata mbio. Chumba kilikuwa baridi, feni zinavuma, kila kitu kinaonekana kizima. Akaketi mbele ya seva ya kwanza, akaanza kupekua, na haikumchukua dakika mbili kuona. Tangu saa nane na dakika tano, njia kutoka seva hadi ghala la kuhifadhia maombi ilikuwa imeganda. Seva ilipokea ombi la mtu, ikamwambia asubiri, ikaliweka kwenye foleni, na foleni haikuwa inaenda popote. Mlinzi alipopita na kuuliza kama ipo, ikajibu ipo. Nayo haikusema uongo, ilijibu ilichoulizwa.

Na kwa nini mara nne zote zilifikia hapo hapo? Kwa sababu simu ikishapewa anwani huikumbuka. Bwana Kijani ndiye aliyepanga ziikumbuke saa nzima, ili daftari lisisumbuliwe mara kwa mara. Mdogo wake angeweza kutuma mara mia, angerudishwa kwenye mlango ule ule.

"Zima uwashe!" mkuu akapaza sauti. "Si ndivyo mnavyofanya siku zote? Zima uwashe!"

Kidole kilishafika kwenye kitufe. Ndivyo alivyozoea, kuzima na kuwasha, na kweli seva ingeamka nzima. Lakini ile foleni ilikuwa kichwani mwa mashine tu, haijaandikwa popote. Akizima, kila kilichomo kinafutika, pamoja na nyumba ya mama yake. Akaondoa mkono.

"Hapana. Nikizima tunawapoteza wote."

"Wote kina nani?"

Akaifungua foleni kwenye kioo. Maombi thelathini na moja.

Akanyakua simu ya ukutani, akampata Bi Simu huko juu. "Natafuta la mama, nipe dakika—"

"Usitafute. Soma. Anza la kwanza, kila unachokiona nisomee. Hao wengine nao wana mama zao."

Basi akasoma. Mtoto amemeza kitu, jengo la ghorofa karibu na uwanja wa mpira. Mjamzito, uchungu umeanza. Mzee, fundi viatu, kifua kinambana, chumba cha nyuma ya soko. Kila moja lilikuwa na saa yake pembeni, na ya mwanzo yalikuwa na nusu saa tayari. Alisikia Bi Simu akirudia kila neno kwenye redio, madereva wakiitikia mmoja mmoja. La tisa. La kumi na mbili. Alianza kusoma mbio. Alitamani kuruka, macho yakamtoroka kwenda chini, na Bi Simu akalijua hilo bila kumwona. "Taratibu, mwanangu. Soma."

La kumi na tisa: "Mama yangu, miaka sitini na nane. Anapumua kwa shida, miguu imevimba. Nyumba ya pili nyuma ya karakana ya magodoro, geti la bluu. Kaka yangu anafanya kazi hapo kwenu."

Alilisoma lote. Sentensi ya mwisho aliisoma huku analia, na hakujali kwamba mkuu anamwona.

"Gari linaondoka," Bi Simu akasema. "Endelea."

Akaendelea. Kati ya yaliyobaki, matatu yalikuwa ya mdogo wake tena, kila moja fupi kuliko lililotangulia. La mwisho kabisa lilikuwa neno moja: "Tafadhali."

Alipomaliza, aliifuta kwa mkono wake anwani ya seva ya kwanza daftarini. Akajua hiyo haitoshi, kwa sababu simu za watu bado zinaikumbuka. Akaifunga milango seva yenyewe, ili anayeijia aambiwe wazi kwamba haipo, apige simu kwa Bi Simu. Huko juu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, taa moja ikawaka nyekundu mbele ya wageni. Mkuu hakuuliza ni ya nini.

Gari lilimkuta mama akiwa hai, kwa pumzi za kuhesabu. Madaktari walisema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu, na kwamba asingefikisha robo saa nyingine. Si wote waliowahiwa. Mtoto alipona, mjamzito alijifungulia garini salama, lakini yule fundi viatu wa nyuma ya soko alikutwa ameshakata roho. Kesho yake Bwana Kijani alikwenda kwa wafiwa, akakaa chini mbele ya mjane, akamweleza ukweli wote bila kuusingizia mtandao. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia aondoke. Akaondoka.

Jioni ya siku ile ile ya mkasa, wodini, mdogo wake alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda. Hakumtazama.

"Nilikupigia mara tatu, kaka."

"Najua."

"Uliziona?"

"Mbili niliziona. Ya tatu hata sikuangalia."

Akamwinamia mama. "Shikamoo mama. Hujambo?"

Mama akasogeza kidogo kile kifaa cha hewa. "Marahaba. Sijambo, mwanangu."

Zamani simu ingekatwa hapo. Safari hii alivuta kiti, akaketi, akaushika mkono wake.

"Usiku uliopita ulilala saa ngapi, mama?"

Mama akamtazama sana, kama anayempima kama kweli anataka kujua. "Sikulala," akasema. "Nikilala chali nakosa pumzi. Nakaa kwenye kiti hadi kunakucha. Wiki ya tatu sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hujauliza."

Funzo

Ndugu msomaji, Bwana Kijani amemrudishia mlinzi lile swali la kazi, na taa ikiwa nyekundu anaishukuru. Simu sasa huikumbuka anwani dakika moja tu. Kila Jumatatu asubuhi huizima seva moja kwa makusudi, aone kwa macho yake kama ya pili itabeba. Hayo ni ya mafundi, na mafundi wasikie.

Letu sisi ni hili. Uzembe hauji siku zote ukiwa umelewa na nguo chafu. Huja pia umevaa shati safi, unasalimia kila asubuhi, na hausubiri jibu. Tunaulizana hali kwa mazoea na kujibiwa kwa mazoea, na katikati yake watu wanakosa pumzi kwenye viti hadi kunakucha. Na wewe unayependa kuonyeshwa mazuri tu, mzazi au mkuu wa kazi, ujue kwamba wa chini yako watakupakia rangi ya kijani hadi siku ya maafa.

Leo mpigie mtu wako. Akikwambia hajambo, usikate simu. Muulize amelalaje.